Mtambo wa Watt na krenki isiyokuwepo

Katika makumbusho ya Science Museum, London, wageni wengi huenda moja kwa moja kukitazama chombo cha Apollo 10 kilichouzunguka mwezi. Mimi ni mhandisi wa mitambo, na kinachonishika miguu ni mtambo wa mvuke ambao kampuni ya mfanyabiashara Boulton na mvumbuzi Watt iliuunda mwaka 1788. Ulifanya kazi miaka 70 katika kiwanda chao cha Soho, Birmingham, ukiendesha mashine 43 za kung'arisha chuma.

Angalia ekseli ya lile gurudumu kubwa. Hapo ndipo ilipopaswa kukaa krenki, chuma kilichopinda kinachogeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa wa kuzunguka. Krenki ilijulikana karne nyingi kabla ya Watt, lakini hapa haipo. Mwaka 1780 James Pickard alikata hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya kuitumia kwenye mitambo ya mvuke, na Watt hakuwa tayari kupiga magoti kwake. Akaweka gia mbili. Moja imekazwa kwenye ekseli; nyingine imefungwa kwenye fimbo inayoning'inia kutoka kwenye boriti ya juu inayochezeshwa na pistoni, haijizungushi bali inaizunguka mwenzake, ndiyo maana zikaitwa jua na sayari. Wazo hilo kwa kawaida hutajwa kuwa la fundi wao, William Murdoch. Meno ya gia yakiwa sawa kwa idadi, gurudumu huzunguka mara mbili pistoni inapokwenda na kurudi mara moja. Kwa hiyo kukwepa hataza kuliwapa kasi ambayo krenki isingewapa, ingawa kwa fundi wa matengenezo gia hizo ni mzigo.

Usimwonee Watt huruma, hata hivyo. Hataza yake ya kondensa (chombo cha kupoozea mvuke nje ya silinda) ya mwaka 1769 iliongezewa muda na Bunge hadi 1800, naye aliitumia kumbana Jonathan Hornblower, aliyekuwa na mtambo wa silinda mbili.

Sasa inua macho hadi ncha ya boriti. Mitambo ya zamani iliivuta boriti kwa mnyororo, lakini pistoni ya mtambo huu inavuta na pia inasukuma, na mnyororo hausukumi kitu. Shida nyingine: ncha ya boriti hupita kwenye tao, wakati fimbo ya pistoni lazima iende wima. Watt aliziunganisha kwa fito chache zenye maungio, kila moja ikirekebisha upindaji wa nyingine. Alimwandikia mwanawe kwamba anajivunia ubunifu huo kuliko mwingine wowote aliowahi kuufanya, na mimi namuunga mkono.

Kihesabu, njia hiyo si nyoofu kabisa. Inapinda kidogo mno kiasi cha kutosumbua silinda. Unyoofu kamili wa fito ulipatikana mwaka 1864, alipoubuni Mfaransa Peaucellier, wakati ambapo viwanda vilikwisha kujua kuchonga reli nyoofu za kuongozea pistoni.