Kihisi Hakijui Unachohisi

Msanii anayekuja kwangu kwa mara ya kwanza huwa na wazo moja kichwani: mtu avae kihisi, yaani kifaa kidogo kinachoupima mwili, kompyuta itambue kuwa ana huzuni, na ulimwengu pepe aliomo, ule wa kompyuta anaoutazama kupitia miwani maalumu, uingie mawingu na mvua. Akifurahi, jua litoke. Ni wazo tamu, na huwa nalikatisha mapema kabla hajalitafutia wafadhili. Kihisi cha huzuni hakipo. Vipo vihisi vya jasho, vya damu inayopita kidoleni, vya kifua kinachopanuka, vya umeme hafifu wa misuli na ubongo. Kutoka hapo hadi kwenye huzuni kuna mwendo mrefu, na hakuna kifaa kinachoujua.

Nianze na ngozi, maana wengi huanzia hapo na hupotelea hapo hapo. Viganja vimejaa tezi za jasho zinazoamrishwa na neva zile zile zinazouandaa mwili kupambana au kukimbia. Mtu akishtuka, tezi hujaa na ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Tunabandika vidoleni elektrodi mbili, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, tunapitisha umeme mdogo asioweza kuuhisi, kisha tunautazama mstari kwenye skrini. Umetulia. Piga kofi moja kubwa nyuma yake: anaruka kwenye kiti, lakini mstari haujatikisika. Subiri. Baada ya sekunde 1 hadi 3 hivi unaanza kupanda, unafika kileleni, halafu unateremka polepole kuliko ulivyopanda. Sasa mwambie akohoe. Kilima kile kile. Mwambie avute pumzi ndefu, kilima kile kile. Mchekeshe, unakiona tena. Ngozi inakwambia kuna jambo. Jambo gani, haikwambii.

Wanasaikolojia wana ramani inayosaidia hapa. Mwaka 1980 James Russell alizipanga hisia kwenye mihimili miwili: mmoja unaonyesha ni kiasi gani mtu amesisimka, mwingine kama anachohisi kinampendeza au kinamkera. Jasho na mapigo ya moyo hueleza mhimili wa kwanza vizuri tu. Kuhusu ule wa pili vinakaribia kuwa bubu, ndiyo maana hofu na shangwe hufanana sana ukizitazama kupitia ncha za vidole. Na uso? Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia utafiti mwingi kuhusu jambo hilo na kuhitimisha kwamba uso peke yake hautoshi kueleza mtu anahisi nini: watu hununa bila hasira na hukasirika bila kununa. Isitoshe, miwani ya uhalisia pepe imeshafunika nusu ya uso huo.

Kazi zilizofanikiwa katika fani hii hazikuhangaika na swali hilo hata kidogo. Mwaka 1965 mtunzi wa muziki Alvin Lucier alikaa jukwaani ameshikizwa elektrodi kichwani, akafumba macho. Ubongo uliotulia, macho yakiwa yamefumbwa, hutoa mawimbi ya alfa, takriban 8 hadi 12 kwa sekunde. Hayo ni ya chini mno kwa sikio la binadamu, lakini spika inaweza kutikisika nayo, na spika zake zilitikisa ngoma na vyombo vingine vya kugonga. Aliposhindwa kutulia, muziki ulikoma. Miaka 30 baadaye msanii wa Kanada Char Davies, ambaye pia ni mpiga mbizi, alitoa Osmose, kazi ya uhalisia pepe: unavaa fulana inayopima kifua chako, ukivuta pumzi unapaa, ukitoa unazama, ukiinama upande unaelekea huko. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Msanii Rafael Lozano-Hemmer naye, katika kazi yake Pulse Room ya mwaka 2006, aliwasha chumba kwa balbu zaidi ya 100. Unashika kihisi, balbu iliyo karibu nawe inaanza kumeta kwa mapigo yako, na ukiachia, mapigo hayo yanajiunga na foleni ya mapigo ya waliokutangulia. Hakuna kati ya hao aliyemwambia mtu, "Naona una wasiwasi leo." Kila mmoja alichukua mwendo wa mwili, akaufanya uonekane au usikike, na maana akamwachia mwenye mwili.

Mimi mwenyewe nina upendeleo, na siufichi: pumzi. Inajiendesha yenyewe ukiisahau, lakini ukitaka unaishika mwenyewe usukani. Moyo huwezi kuuamrisha hivyo. Pumzi haichelewi, kihisi chake ni mkanda tu unaonyumbulika kifuani, na mgeni anaelewa kinachoendelea kabla hujamaliza maelezo. Zaidi ya hapo, pumzi inauvuta moyo nyuma yake: ukivuta hewa, mapigo yanaongezeka kidogo, ukiitoa, yanapungua. Kwa watu wengi, kupumua taratibu, kama mara 6 kwa dakika, hulifanya wimbi hilo liwe kubwa na lenye mpangilio mzuri. Ndipo unapata kitu kizuri cha kuchorea: bahari inayopanda na kushuka kwa mapigo ya moyo ambayo mtu anayaongoza bila kuyagusa.

Kazi yenyewe, ile isiyopigwa picha, ni kuamua ishara ipi iendeshe nini. Kanuni yangu ni kulinganisha kasi. Ishara inayokwenda polepole ipewe vitu vinavyobadilika polepole: ukungu, rangi ya anga, kina cha mwangwi, uzito wa muziki. Ukiuacha mlango uendeshwe na jasho, mgeni atatembea hadi mlangoni, asimame, na mlango ufunguke akiwa ameshageuka kuondoka. Vitu vya papo kwa papo viachiwe misuli, pumzi au macho. Kisha usitumie namba ghafi. Kuna mtu ambaye moyo wake ukipumzika hupiga mara 55 kwa dakika, na jirani yake mwenye afya njema anapiga 85. Ukiweka mpaka mmoja kwa wote, wa kwanza hatauona ulimwengu wako ukibadilika na wa pili ataingia ukiwa tayari umechafuka. Mwache kila mgeni akae kimya kidogo kwanza, upate kiwango chake cha kawaida, kisha upime anavyokiacha na kukirudia.

Mzunguko, yaani mwili kuubadilisha ulimwengu pepe na ulimwengu huo kuubadilisha mwili, nao una hatari yake. Gemu ya kutisha inayoongeza vitisho kila moyo unapoenda mbio itamchosha mtulivu na kumzamisha mwoga, kwa sababu hofu inazaa vitisho na vitisho vinazaa hofu. Njia hii inaweza kutumiwa vizuri: gemu ya Nevermind ya mwaka 2015 huwa ngumu zaidi ukipaniki na hulegea ukitulia, kwa hiyo inakufundisha kutulia. Lakini lazima uweke kikomo, na lazima kuwe na kitufe cha kutoka kisichotegemea mwili wa mtu hata chembe.

Halafu kuna miili isiyokubaliana na kifaa. Vihisi vingi vya mapigo humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma unaorudi. Melanini, ile inayoipa ngozi rangi, hufyonza mwanga huo, kwa hiyo ngozi nyeusi hurudisha kidogo zaidi. Chale za wino huziba, na vidole vyenye baridi havina damu ya kutosha ya kusomwa. Mkono unaopungwa hewani huvuruga kila kitu, na kwenye uhalisia pepe mikono haitulii, ndiyo maana napendelea ndewe la sikio au mkanda wa kifua. Kofia za kupima ubongo zilizotengenezwa bila kufikiria nywele nene za kipilipili hazifiki kichwani. Nintendo walitangaza kihisi cha mapigo cha kuvaliwa kidoleni mwaka 2009 na hawakukiuza kamwe. Mwaka 2013 rais wao, Satoru Iwata, alieleza kuwa kati ya watu 100 kilifanya kazi kwa takriban 90. Kwa kampuni ya michezo hiyo ni sababu ya kutosha kuacha. Kwa maonyesho ya sanaa, fikiria wale 10 wamesimama mbele ya kazi yako inayowapuuza.

Kuhusu data niseme kwa ufupi: hesabu zifanyike kwenye kifaa, mtu akivua kihisi kumbukumbu zifutwe. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba mwaka 2021, na tangu Februari 2025 Umoja wa Ulaya umekataza mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Sanaa haikuguswa na katazo hilo, lakini mgeni wako ana haki ya kujua unachopima.

Kabla kazi haijafunguliwa kwa umma nina jaribio moja nisiloliacha. Nawaomba watu waliokubali kujaribu, na bila kuwaambia ni lini, nabadilisha ishara zao kwa zilizorekodiwa kwa mtu mwingine. Binadamu hudanganyika kirahisi hapa: mwaka 1966 mwanasaikolojia Stuart Valins aliwasikilizisha wanaume sauti ya uongo ya mapigo ya moyo huku wakitazama picha za wanawake, nao wakazipenda zaidi zile picha ambazo "moyo wao" ulibadilika. Kwa mkanda wa pumzi, mtu hustuka baada ya pumzi chache tu: "Mbona siyo mimi?" Kwa jasho, wengi huendelea kuustaajabia ulimwengu unaofuata vidole vya mtu mwingine. Ikiwa hivyo, namwambia msanii avitoe vile vihisi vya vidoleni, mgeni abaki na mikono miwili ya kushikia vitu.