Milio 3,000 sio nyangumi 3,000 jamani

Jumamosi niko Mwaloni Kirumba nachagua dagaa, shemeji yangu akaona anisifie kwa muuzaji, "huyu ndo yule anayehesabu nyangumi kwa kusikiliza". Muuzaji kaniangalia juu mpaka chini alafu akaja na swali lile lile ambalo nishaulizwa na wanafunzi, na mtangazaji wa redio, na hata mtu aliyeshika hela za mradi: sasa wakilia mara 3,000 si ina maana wako 3,000? Nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Ila hasira nimekuja nayo mpaka nyumbani.

Madogo kwanza. Ziwani hamna nyangumi, hizo video mnazonitumia usiku acheni. Mimi naishi Mwanza ila rekodi ninazochambua zinatoka Atlantiki, nakaa na hedifoni na spektrogramu (picha ya sauti kwenye skrini) mpaka macho yanauma. Na haidrofoni, yaani maikrofoni ya chini ya maji tunayorekodia, haitumi mlio wowote, inasikiliza tu. Wanaotuma mlio na kupokea mwangwi ni wale watafiti wa sangara na dagaa humu ziwani, ndo maana wao wanaweza kukadiria tani. Msituchanganye.

Sasa hesabu. Nenda stendi, fumba macho, nasa sauti dakika kumi. Utapata "Nyegezi Nyegezi Nyegezi" mara mia mbili. Hao ni watu mia mbili? Ni konda mmoja! Na mle ndani kuna mama kapakata mtoto, hajafungua mdomo tangu apande, kwenye rekodi yako hayupo kabisa. Nyangumi nundu ndo hivyo hivyo, wanaoimba ule wimbo mrefu ni madume. Kwahiyo wewe umehesabu makonda, tena hao hao kila dakika, alafu unaandika ripoti ya abiria.

Mbaya zaidi ni imani pacha yake, eti rekodi ikiwa kimya basi hawapo. Hii ndo inanikera kuliko zote kwa sababu inaua. Chukua nyangumi raiti wa Atlantiki ya Kaskazini, waliobaki hawafiki 400, na hiyo idadi haikutoka kwenye sauti, imetoka kwenye picha, maana kila mmoja ana magamba yake kichwani unamtambua nayo kama sura ya mtu. Mlio wao tunaoutegemea unapanda kidogo, kama mtu anauliza "uuup?", unaisha ndani ya sekunde moja mbili. Sasa mama mwenye ndama huo mlio anautoa kwa nadra mno, na wakiitana na mwanae ni miguno ya chini chini kama watu wananong'ona kanisani. Yaani yule ambaye kizazi kizima kinamtegemea ndo tunayemsikia kwa shida kuliko wote, alafu mtu mwenye tai anakuja kuniambia "wiki nzima hamjanasa kitu, meli zipite tu".

Mlio ukiwepo, hapo ndo nina la kusema. Kanada, baada ya vifo vya 2017 (raiti 12 kwenye maji yao mwaka mmoja, meli na kamba za mitego zikitajwa sana), siku hizi mlio mmoja tu uliothibitishwa unaweza kufunga eneo la uvuvi siku 15. Mmoja! Sio 3,000. Na ni sauti zilizosaidia kuonyesha kwamba kuanzia kama 2010 hawa wanyama walihama sehemu walizozoeleka. Bahari ya Hindi huku, haidrofoni za kusikiliza majaribio ya bomu la nyuklia karibu na kisiwa cha Diego Garcia zilinasa wimbo ambao mwaka 2021 ulitangazwa kuwa wa kundi la nyangumi buluu ambalo halikuwa linajulikana. Kundi zima, limejulikana kwa wimbo. Wako wangapi? Wimbo haukusema.

Najua kuna kanuni ya kugeuza milio kuwa wanyama. Unagawa kwa wastani wa milio ya mnyama mmoja, unarekebisha kwa umbali ambao kifaa kinasikia, na kwenye makala inapendeza kweli. Ila ule wastani mara nyingi umetoka kwa wanyama wachache waliobandikwa kinasa mgongoni, msimu mmoja, sehemu moja, na raiti akiwa anakula halii kama akiwa kwenye kundi la kutafutana kimapenzi. Umbali nao haukai, upepo ukivuma unapungua, meli ikipita unapungua zaidi maana injini inanguruma humo humo chini kwenye sauti za nyangumi wakubwa. Nilishawahi kushusha haidrofoni karibu na jiwe la Bismarck kuijaribu, injini za mitumbwi ya dagaa zikafunika kila kitu mpaka nikadhani nimeharibu waya. Alafu kuna nyangumi buluu, sauti ya nyimbo zao imekuwa ikishuka, inazidi kuwa nzito, tangu miaka ya 1960, sababu wataalamu bado wanabishana, kwahiyo programu uliyoifundisha kwa rekodi za zamani inaanza kuwakosa na wewe unasema wamepungua.

Na hata huo mlio mmoja wa raiti, ule wa "uuup?", nundu naye ana wa kwake unaofanana nao sana. Usiku huu nina mmoja wa saa tisa na dakika nne, umefunikwa nusu na meli. Nimesikiliza mara kumi na tano, nimeandika "raiti, labda". Mwenzangu kwenye faili hilo hilo kaandika "nundu", bila labda.