Hitaji la mteja: si kila analoomba ndilo analohitaji

Mteja akikwambia, "Niongezeeni safu tatu kwenye ripoti hii," hilo ni ombi. Hitaji lake huenda liko kwingine kabisa: kila Jumatatu mkuu wake humuuliza swali lilelile, naye huhangaika kuokoteza jibu huku na kule. Ukimwongezea safu hizo, umemtii lakini hujamsaidia.

Hitaji la mteja ni shida anayotaka imwondokee, au kazi anayotaka imalizike. Bidhaa ni njia ya kufika huko. Ombi ni kisio lake mwenyewe kuhusu njia hiyo, na kisio huweza kukosea hata kama shida ni ya kweli.

Kwa nini basi asiseme tu anachohitaji? Hadanganyi. Ameshaizoea shida kiasi kwamba haioni tena. Mwaka 1984, mtaalamu wa ubora kutoka Japani, Noriaki Kano, alionyesha kwamba kuna sifa za bidhaa ambazo mteja hazitaji kwa kuwa anaona ni lazima ziwepo. Zikikosekana ndipo hukasirika. Zipo nyingine asizozitaja kwa sababu hajawahi kuziwaza, ingawa akizipata hufurahi sana. Hojaji hunasa zaidi zile za katikati, ambazo mteja anazijua na kuzitaja mwenyewe.

Tena jibu hufuata swali. Mwaka 1985 Coca-Cola ilibadilisha ladha ya kinywaji chake baada ya kuwaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi walipendelea ladha mpya. Wateja walikuja juu, na baada ya siku 79 kampuni ikatangaza kuirudisha ile ya zamani. Watu walikuwa wameulizwa kipi kitamu zaidi. Je, ungejisikiaje ukinyang'anywa kinywaji ulichokizoea? Hilo ni swali jingine.

Mfano ninaoupenda ni wa Sam Farber. Alimwona mkewe, Betsey, mwenye baridi yabisi mikononi, akipata taabu kushika kifaa cha kumenyea. Mwaka 1990 kampuni yake, OXO, ikatoa vyombo vya jikoni vyenye mpini mnene wa mpira laini, na hata wenye mikono mizima wakavipenda. Taabu ile ilikuwa ya kila mtu. Kwa Betsey ilionekana wazi zaidi.

Kwa hiyo usimuulize mteja, "Ungependa tutengeneze nini?" Muulize mara ya mwisho alipoifanya kazi hiyo ilikuwaje, alianzia wapi, alikwama wapi, kisha alifanyaje. Ikiwezekana, kaa pembeni umtazame akiifanya. Tafuta hasa mbinu alizojibunia: daftari lililo kando ya kompyuta, karatasi ya maelekezo iliyobandikwa kwenye mashine, namba anazozinakili kwa mkono kutoka programu moja kwenda nyingine. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Amekuwa akiziba pengo hilo mwenyewe, pengine kwa miaka, na ukimuuliza kama ana tatizo lolote, atakujibu kwamba hana.