Je, mtoto hupata kigugumizi kwa kuambiwa anacho?

Imezoeleka kusimuliwa kwamba mwaka 1939, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, watoto yatima waliozungumza vizuri walipata kigugumizi kwa kuambiwa tu kuwa wanacho. Takwimu za utafiti huo, uliofanywa na Mary Tudor chini ya mwalimu wake Wendell Johnson kwa watoto 22, zilichambuliwa upya mwaka 2002 na hazikuthibitisha simulizi hiyo. Kigugumizi huhusiana zaidi na urithi na utendaji wa ubongo. Madhara, hata hivyo, yalikuwepo, wala hayakuwa madogo: baadhi ya waliokosolewa kila waliporudia silabi walianza kuona aibu na kukataa kuzungumza, na mwaka 2007 jimbo lilikubali kulipa fidia.