Hivi kwa nini marafiki wanakuona tofauti na unavyojiona mwenyewe?

Mmepiga picha harusini, mtu kaitupia kwenye grupu la WhatsApp, wote wanakwambia umetokelezea, wewe unaona pua imekaa upande na jicho moja dogo. Hawakupambi, wanaona hivyo kweli. Sura yako unayoijua wewe ni ya kwenye kioo, na kioo kinageuza kulia na kushoto, kwa hiyo ukijiona kwenye picha kama wenzio wanavyokuona kila siku unahisi kuna kitu hakipo sawa. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao, moja ya kawaida na moja imegeuzwa kama kioo, wenyewe wengi wakapenda ya kioo, marafiki zao wakapenda ya kawaida. Kila mtu kapenda aliyoizoea.

Kwenye tabia ndo kuna mengi zaidi, maana wewe unajijua kwa ndani, nia yako, hofu yako, unachowaza, ila rafiki hana hivyo vyote, yeye ana ulichofanya tu. Wiki nzima umemuwaza rafiki yako anayeuguza mama yake, umepanga kumpigia, kazi zikakubana, moyoni unajihesabu mtu unayejali kwa sababu kweli ulikuwa unajali, lakini yeye alichokiona ni simu ambayo haikuita. Hapo hakuna muongo.

Inatokea na kinyume chake. Umesimama kuongea kwenye kikao, mikono inatetemeka, moyo unadunda, unaamini ukumbi mzima umeona, kumbe watu wamesikia hoja yako tu. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake, kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, kitu cha kuona aibu kwa vijana wale, wakawaingiza kwenye chumba chenye watu. Waliovaa walidhani karibu nusu ya watu wameiona, walioiona kweli walikuwa kama robo.

Sasa nani yuko sahihi? Mwanasaikolojia Simine Vazire alilichunguza hilo mwaka 2010 na jibu lake mimi nalipenda sana: inategemea unauliza nini. Wasiwasi na jinsi unavyojithamini, hapo unajijua kuliko rafiki, yanakaa ndani. Uongeaji unaonekana na kila mtu, kwa hiyo hampishani sana. Ila akili na ubunifu marafiki wanakupima vizuri kuliko unavyojipima, kwa sababu hayo yanagusa heshima yako na ni ngumu mtu kujihukumu bila kujipendelea au kujishusha.

Na tunajishusha kweli. Utafiti wa mwaka 2018 wa Erica Boothby na wenzake ulionyesha watu wakishaongea kwa mara ya kwanza, kila mmoja anaondoka akidhani mwenzie hakumpenda sana, wakati kapendwa zaidi ya hapo, na hata wanafunzi wanaoishi pamoja chuoni hali hiyo ilidumu miezi kadhaa.

Rafiki naye ana mipaka yake, wa kijiweni anakujua mcheshi, wa kazini anakujua mkimya, kila mmoja ana kipande chake. Ukitaka kukipata usimuulize “unanionaje?”, atakujibu uko poa tu. Muulize kitu alichokiona: juzi tulivyokuwa pale, niliwakatisha watu wakiongea?