Fokasi ya altrasaundi ni nini?

Ukipigwa altrasaundi ya uvimbe wa shingoni, tazama pembeni mwa picha kwenye kioo cha mashine. Mara nyingi utaona alama ndogo, kama kipembetatu, inayopanda na kushuka mpimaji anapobonyeza kitufe. Hiyo ndiyo alama ya fokasi: inaonyesha mashine imelenga kina gani.

Fokasi ni pale ambapo mwale wa sauti umebanwa ukawa mwembamba kuliko sehemu nyingine. Vivimbe viwili vilivyokaribiana vikiangukia hapo, huonekana viwili. Vikiangukia penye mwale mpana, huungana vikawa doa moja lenye ukungu. Wapo wanaokimbilia kuongeza mwanga wa picha. Mwanga huongeza weupe tu, ukungu unabaki palepale. Shusha au pandisha alama mpaka ilingane na uvimbe, au iwe chini yake kidogo.

Mwale unabanwaje? Ndani ya kile kichwa kinachopakwa jeli mmepangwa vipande vidogo vingi vinavyotoa sauti, mara nyingi 128 au zaidi. Chukulia watu wawili wanataka kufika pamoja Soko Kuu la Mtwara kwa mwendo ule ule, mmoja anatoka Mikindani, mwingine Shangani. Wa Mikindani lazima atangulie kuondoka, maana yuko mbali zaidi. Basi vipande vya pembeni navyo hutangulia kutoa sauti, vya katikati husubiri, na mawimbi yote yakakutana kwa pamoja kwenye kina kilichochaguliwa.

Kwenye masafa ya juu, yaani mawimbi yakiwa mengi zaidi kwa sekunde, kazi hii inakuwa ngumu. Mashine huchukulia kwamba sauti hupita mwilini mita 1,540 kwa sekunde. Kwa megahezi 3 (mawimbi milioni tatu kwa sekunde), wimbi moja lina urefu wa nusu milimita hivi. Kwa megahezi 15, takriban milimita 0.1. Wimbi fupi huonyesha vitu vidogo zaidi, ila kosa dogo sana la muda linatosha kuyapishanisha mawimbi. Mafuta ya mwilini nayo hupunguza mwendo hadi mita 1,450 hivi, ndiyo maana mtu mnene picha yake hupoteza ukali hata mpimaji awe hodari. Mashine nyingine huruhusu kurekebisha huo mwendo.

Halafu masafa ya juu hayafiki mbali. Harusi ikipigwa mtaa wa pili usiku, wewe kitandani unasikia besi. Maneno ya mwimbaji yameishia njiani. Kwa hiyo megahezi 10 au 15 ni za shingo, titi na mishipa ya juujuu. Ini na mtoto tumboni hupimwa kwa masafa ya chini.

Mwangwi ukirudi, mashine hubadilisha fokasi yenyewe kadiri unavyotoka kina kirefu zaidi. Wakati wa kutuma, kila pigo lina kina kimoja tu. Ukitaka fokasi tatu, mashine hupiga mara tatu kwa kila mstari wa picha, na picha zinakwenda polepole. Kwa tezi ya shingo iliyotulia, hakuna neno. Kwa mshipa unaodunda, tumia fokasi moja tu.