Mionzi ya kumi na saba

"Sista, tumeamua kupumzisha mionzi kwa siku 21. Tunaingia kwenye mfungo mkavu, mimi na mke wangu. Hatuli wala kunywa hadi jioni."

Alisema kwa upole, kama mtu aliyekuja kuaga. Mkewe alikuwa ameketi pembeni yake, kadi ya matibabu mapajani, ikionyesha amekwisha kupata mionzi 16 kati ya 25. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa saratani, na ni Mlutheri. Wanandoa hawa nawasimulia kwa kugeuza mambo machache wasitambulike, ila jambo lenyewe nalikuta mara kwa mara.

Niliwauliza wanachoomba. Mume akajibu, "Mungu aimalize kazi aliyoianza." Nikawaambia na mimi naomba hivyo hivyo. Kisha nikaomba kadi ile, tukainamia tarehe zake sote watatu.

Saratani ya mlango wa kizazi iliyofika hatua kama yake kwa kawaida hutibiwa kwa mionzi ya nje, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, pamoja na kemo, yaani dawa ya kuua seli za saratani, iitwayo sisplatini, mara moja kwa wiki. Hufuata mionzi ya ndani, inayotolewa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Safari nzima inatakiwa iishe ndani ya wiki nane. Wengi hudhani ratiba hiyo ni ya mashine na foleni tu, lakini ni ya uvimbe wenyewe. Seli zinazonusurika wiki za mwanzo hujifunza kugawanyika kwa kasi kubwa zaidi. Ukipalilia nusu ya shamba ukaondoka, halafu mvua ikanyesha, unajua utakachokikuta ukirudi. Siku 21 katikati ya mionzi ni mvua hiyo, na dozi iliyokwisha kutolewa hairudishwi.

Mfungo mkavu una hatari yake ya pili. Sisplatini hutolewa mwilini kupitia figo, na huziumiza. Ndiyo maana tunatundika dripu kabla na baada ya dawa, na tunamsihi mgonjwa anywe maji mengi nyumbani. Kushinda na kiu wakati dawa hiyo imo mwilini ni kuziacha figo bila kinga. Figo zikizidiwa, daktari atalazimika kuisimamisha kemo.

Mume alinyamaza kwa muda mrefu. Mkewe ndiye aliyesema, taratibu, "Baba, na Hezekia je?"

Alinitangulia. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, mfalme Hezekia analia mbele za Mungu na anaahidiwa miaka 15 zaidi. Jibu limekwisha kutoka mbinguni, na bado Isaya anaagiza tini ziletwe, ziwekwe juu ya jipu. Sijapata kuona mahali ambapo maombi na dawa vimekaa karibu namna ile. Mume akasimama, akatoka nje kumpigia mchungaji simu.

Alipotoka tu, mama yule akanisogelea. "Sista, niambie ukweli. Watu wanasema ugonjwa huu ni wa uasherati. Ni mimi au ni yeye?"

Swali hili huvunja nyumba, na kwa wanandoa waliokula kiapo madhabahuni lina uchungu wa pekee. Nilimweleza kwamba visa karibu vyote vya saratani hii huanzia kwenye virusi vya HPV, ambavyo watu wengi walioingia kwenye tendo la ndoa hupata wakati fulani maishani, hata aliyekuwa na mwenzi mmoja tu. Kwa wengi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki kimya, miaka kumi, pengine ishirini, ndipo saratani ikajitokeza. Hakuna kipimo kinachoweza kusema vililetwa na nani, wala lini. Nikamkumbusha Yohana 9, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili.

Alifuta machozi kwa kitenge chake. Nikatumia nafasi hiyo kumwambia na lile ambalo wengi huona haya kuliuliza: kipindi hiki na wiki kadhaa baada ya mionzi ya ndani, chumbani wapumzike, na baadaye tutawafundisha wote wawili namna ya kurudiana bila maumivu. Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wakorintho, aliruhusu mume na mke wanyimane kwa muda kwa kupatana, ili wasali. Hapo akatabasamu.

Mume alirudi. Mchungaji amesema atakuja jioni kumpaka mafuta, kama Yakobo alivyoagiza. Nikaomba mafuta yaishie kwenye paji la uso, ngozi iliyopigwa mionzi iachwe. Nikaongeza kwamba joto la mwili likifika nyuzi 38, hata katikati ya mkesha, waje hospitali kwanza.

"Na mfungo," akasema, "nitafunga mimi kwa ajili yetu sote wawili. Yeye ale."

Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye foleni ya mionzi ya kumi na saba. Midomo ya mume ilikuwa imekauka. Mkononi alishika chupa ya maji ya mkewe, maana mionzi ya nyonga huhitaji kibofu kijae, na kila baada ya dakika chache alimfungulia kifuniko, akamwambia, "Kunywa, mama. Bado kidogo tuitwe."